Ngoma za Watoto Wakati wa Maradhi

Katika mambo yaliyoamuliwa upesi mwaka wa 2020, na ambayo mpaka leo hayajatazamwa tena kwa utulivu, limo hili: kwamba maradhi yaingiapo nchini, mafunzo ya sanaa ya watoto, yaani kuimba, kupiga ngoma, kuchora, kuigiza, kusuka na kughani mashairi, yafungwe kwanza na yafunguliwe mwisho. Kazi yangu ni kuwafunza vijana watakaokuwa walimu. Kila mwaka nimewauliza kama uamuzi huo ulikuwa wa haki, na kila mwaka wengi wao wamenijibu kwa neno moja: ziada. Sanaa ni ziada, wasema, na ziada hukatwa. Naona jibu hilo ni baya, na nataka kulipinga mbele yenu ninyi wanafunzi wa sekondari, kwa kuwa wakati ule mlikuwa watoto wa shule ya msingi, na kilichokatwa kilikuwa chenu.

Mwayakumbuka mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Kabla mwezi haujaisha ikawa hapana ruhusa mtu kutembea usiku, tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili, Nairobi, Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, asiingie mtu wala asitoke; na tarehe 6 Mei, Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh huko Nairobi zikatiwa kufuli ya pili ndani ya kufuli ya kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mmoja wa pwani. Kila Jumamosi nilikuwa na watoto ishirini na sita, wengine wakiimba, wengine wakipiga chapuo na msondo, wengine wakichora chini ya mwarobaini. Malipo hayakuwapo, ila senti chache za kununulia karatasi. Ikaja barua yenye mistari mitatu kusema ya kuwa madarasa ya Jumamosi yamekoma. Ngoma zikaingizwa chumbani, chumba kikafungwa, na ufunguo ukachukuliwa. Hapana aliyeniuliza neno.

Sitaki mnihesabu miongoni mwa wale walioyadharau maradhi. Nataka kuieleza hoja ya wapinzani wangu kwa nguvu zake zote, maana hoja isiyotolewa kamili haiwezi kushindwa, huahirishwa tu. Tarehe 10 Machi, 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 wa kwaya moja walikusanyika kufanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Katika siku zilizofuata watu 53 walihesabiwa kuwa wameambukizwa, wengine kwa kupimwa na wengine kwa dalili zao, na wawili wakafa. Sababu yake si muujiza. Mwimbaji huvuta pumzi nyingi na kuitoa kwa nguvu, na pamoja na pumzi hutoka chembe ndogo mno za mate ambazo huelea katika hewa ya chumba kama moshi wa udi, na kila aliye chumbani huzivuta. Basi mwalimu aliyewajaza watoto chumbani waimbe kama zamani, akisema Mungu atawalinda, hakuwa mpenzi wa sanaa. Alikuwa mzembe, na uzembe wake ungewafikia bibi na babu za watoto wale nyumbani. Rafiki zangu wawili walifanya hivyo kwa siri. Tuligombana juu ya jambo hilo, na hatujapatana sawasawa mpaka leo.

Lakini tazameni kwa makini hoja hii yathibitisha nini. Yathibitisha ya kuwa chumba kilichosongamana, kisichopitisha hewa, chenye watu wanaotoa pumzi kwa nguvu, ni mahali pa hatari. Haithibitishi ya kuwa penseli ni hatari. Haithibitishi ya kuwa mtoto akaaye kibarazani kwao akisuka ukili anamwambukiza mtu, wala ya kuwa ngoma ipigwayo uwanjani, wapigaji wakiwa mbalimbali na barakoa usoni, ni sawa na ukumbi wa Skagit. Wakubwa wetu walilikuta kosa katika chumba wakaihukumu sanaa. Ni kama mtu aliyeona samaki mmoja ameoza kikapuni, akaamuru bahari ifungwe.

Wasiojua historia hudhani ya kuwa sanaa ni mtoto wa starehe, azaliwaye watu wakiwa wameshiba na wazima. Mambo hayakuwa hivyo, huku kwetu wala kwingine. Mwana Kupona, bibi wa Pate, alitunga utendi wake mashuhuri mwaka wa 1858 hali ni mgonjwa, naye hakuishi miaka mingi baada ya kuutunga. Aliutunga ndani ya nyumba, kwa ajili ya binti yake, na leo nyote mwasikia habari zake katika somo la fasihi. Huko Uingereza, tauni ilipoingia London, majumba ya michezo ya kuigiza yalifungwa kwa muda mwingi kati ya mwaka wa 1592 na 1594, na kufungwa huko kulikuwa kwa haki. Shakespeare alipokosa jukwaa aligeukia utenzi, na mwaka wa 1593 utenzi wake mrefu ukapigwa chapa. Watu hao hawakuipinga amri ya maradhi, wala hawakuiacha kazi yao. Walibadili mahali pa kuifanyia. Hilo tu ndilo nililotaka kwa watoto ishirini na sita.

Nalifanya kwa kadiri nilivyoweza. Nilikata karatasi vipande, nikapita mitaani mchana nikiacha vipande viwili katika kila mlango, pamoja na maagizo haya: chora kile ukionacho ukisimama kizingitini kwenu. Baada ya siku tatu nikapita tena na kikapu, nikakusanya. (Karatasi zile niliziacha juani mchana kutwa kabla ya kuzigusa, kwa kuwa wakati ule tuliogopa kila kitu. Baadaye wataalamu walieleza ya kuwa hatari kubwa ilikuwa katika hewa, na karatasi ilikuwa na lawama ndogo sana.) Picha zile ninazo bado. Katika nyingi mna mlango wa jirani uliofungwa. Katika moja mna polisi mwenye rungu refu kuliko yeye mwenyewe. Sikuwafundisha kuchora hivyo. Walikuwa na jambo la kusema, na hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa akiwasikiliza, maana watu wazima tulikuwa tukisikiliza redio na kuhesabu wagonjwa.

Katika nyumba moja mama alitoka akanitazama na karatasi zangu. "Mwalimu," akasema, "mtoto hajala tangu jana, nawe waniletea karatasi?" Mumewe alikuwa mhudumu wa hoteli, na mahoteli yalikuwa yamefungwa. Neno lile liliniingia. Sikuwa na jibu siku ile, na sina jibu kamili hata leo. Nilirudi jioni na unga kidogo, ambao haukuwa jibu bali haya tu. Hoja ya njaa ni hoja nzito, na anayeipuuza hajaona njaa. Hata hivyo naomba itumiwe kwa usawa. Mtoto yule asiyekula hakula pia wakati wa somo la hesabu. Mbona basi hapana aliyesema redio inyamaze kufundisha hesabu mpaka watoto washibe? Watu walihangaika, na walihangaika vyema, masomo ya mtihani yamfikie mtoto kwa redio, kwa televisheni na kwa simu. Njaa ilikumbukwa ilipotajwa ngoma. Sababu iletwayo kuzuia jambo moja, na kusahauliwa mbele ya jambo la pili lililo sawa nalo, si sababu, ni kisingizio. Na nyuma ya kisingizio kile palikuwa na neno lilelile la ziada.

Wengine wakasema, na hao nawaheshimu zaidi, ya kuwa mafunzo yakiendelea yataendelea kwa intaneti, na intaneti ni ya watoto wa wenye nacho. Ni kweli kwamba baadhi ya walimu wa muziki mijini walifundisha kwa simu kwa malipo, na mtoto wa mchuuzi hakuwamo. Ni kweli pia ya kuwa kwaya haiwezi kuimba pamoja kwa simu, kwa kuwa sauti huchelewa njiani, na kila mmoja humsikia mwenzake akiwa nyuma. Nilijaribu na watoto wanne. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha kuliko wimbo. Lakini wenye hoja hii wamesahau sanaa yenyewe ni kitu gani. Ni somo gani lihitajilo simu kidogo zaidi kuliko yote? Udongo wa kufinyangia umo njiani. Makaa ya kuchorea yamo jikoni. Miyaa ya kusukia iko mashambani, na bibi ajuaye kusuka yumo nyumbani, hana kazi, na anatamani kuulizwa. Kama kulikuwa na mafunzo ambayo mtoto maskini angeweza kuendelea nayo bila kupitwa na mtoto tajiri, ni haya, na haya ndiyo tuliyoyafunga kwa jina la usawa.

Sasa nije kwa neno lililoniudhi kuliko yote, kwa kuwa lilisemwa kwa upole. "Kuna haraka gani?" niliambiwa. "Wataendelea maradhi yakiisha." Asemaye hivyo hajapata kufundisha mtoto kuimba. Katika kundi langu palikuwa na mvulana wa miaka kumi na miwili mwenye sauti nyembamba, safi, iliyopanda bila kujikaza. Tulikuwa tumemtayarishia wimbo wa kuimba peke yake katika tamasha ya muziki. Kwa wasiojua, tamasha hizo si mchezo wa jana: Tamasha ya Muziki ya Kenya ilianza mwaka wa 1927, na ile ya drama ya shule mwaka wa 1959. Mwaka wa 2020 hazikufanyika. Sisemi zingefanyika, maelfu ya wanafunzi kulala pamoja katika mabweni wakati ule lingekuwa jambo la wazimu. Nasema ya kuwa mvulana yule hakuimba kabisa, hata uwanjani kwa mwalimu wake peke yake, umbali wa mita tatu, kwa kuwa niliandikiwa kwamba hata hilo ni "darasa". Shule zilipofunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari, 2021, alinisalimu kwa sauti nzito. Sauti ile ya kwanza ilikuwa imekwenda zake, na tarakimu za mtihani, ambazo zaweza kurudiwa mwaka ujao na mwaka wa pili yake, ndizo tulizozikimbilia kuziokoa.

Na tuulize nini kilifunguliwa kwanza. Tarehe 28 Septemba, 2020, ilitangazwa ya kuwa mabaa yaweza kufunguliwa tena. Shule zilifuata tarehe 12 Oktoba, nazo kwa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne tu. Sina ugomvi na wenye mabaa. Nao wana watoto. Lakini taifa likikaa kupanga foleni ya mambo ya kurudisha, foleni ile ni maungamo yake. Katika shule niliyokuwa nikifundisha, wa Darasa la Nane walirudi, wakaketi umbali wa mita moja na nusu, wakaandika mitihani ya majaribio wiki baada ya wiki. Walikuwa wamekaa majumbani miezi saba. Mmoja alikuwa amezika baba. Niliomba nusu saa tu, alasiri ya Ijumaa, chini ya mwarobaini, wapige ngoma kwa zamu. Nikajibiwa ya kuwa protokali za wizara haziruhusu. Niliomba nionyeshwe mahali palipoandikwa hivyo kuhusu mti. Sikuonyeshwa.

Ninyi mnaosoma haya, baadhi yenu mtakuwa walimu, na baadhi mtakaa katika halmashauri za shule. Korona si maradhi ya kwanza kufunga shule duniani, na hapana mtaalamu asemaye itakuwa ya mwisho. Nataka mambo haya yaamuliwe wakati huu wa uzima, si usiku wa hofu. Kwaya isitishwe chumbani siku ile ile ya kwanza, bila kubembelezana. Mafunzo yote yanayoweza kufanyika nje au nyumbani yaendelee, na mwalimu wa sanaa alipwe ujira wake kwa kupita mitaani kama alivyolipwa kwa kusimama darasani, maana wengi waliachishwa kazi wakati ule wakaenda kuuza mboga, na baadhi hawakurudi. Ngoma zigawiwe watoto kwa karatasi ya sahihi, kila mmoja na yake, ikae kwao mpaka shule ifunguliwe.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu niliyoiona kwa macho. Ufunguo wa chumba kile nilirudishiwa mwezi wa Februari, mwaka wa 2021. Chapuo mbili zilikuwa zimeliwa ngozi na panya. Msondo ulikuwa umepasuka kwa kukosa kuotwa jua. Kutengeneza vyote kuligharimu fedha ambazo shule haikuwa nazo, na watoto ishirini na sita walipokuja Jumamosi ya kwanza, walikuwa kumi na mmoja.