Kirusi Kikienea Wodini, Kisomwe: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Mgonjwa wa Mollo, hapa Rukwa, akizidiwa hupelekwa Sumbawanga mjini, na haendi peke yake. Yupo ndugu wa kumuuguza, yupo wa kupeleka uji, na wanajumuiya hufika kumwombea. Wodi moja hukutanisha watu wa pembe zote za Ufipa, kisha kila mmoja hurudi kwao. Ndiyo maana barua hii ina ombi moja: wagonjwa au wauguzi wa wodi moja wakiugua kwa mfuatano ugonjwa uleule wa virusi, jenomu za virusi hivyo (mfuatano wa herufi za vinasaba) zisomwe, na majibu yafike Sumbawanga yangali na kazi ya kufanya.

Mfano uko jirani. Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg uliotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024 uliwapata watu 66 na kuua 15. Takriban wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali kubwa mbili za Kigali. Jenomu ya Marburg ina herufi zipatazo 19,000. Kila kirusi kinapojinakili, mojamoja hukosewa, na makosa hayo ndiyo yanayoonyesha nani ana kirusi cha ukoo gani. Wataalamu wa Rwanda walikuta jenomu zinafanana mno: kirusi kilivuka mara moja kutoka kwa mnyama, kikaendelea kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa wa kwanza alihusishwa na pango la mgodi lenye popo.

Durban, Afrika Kusini, mwaka 2020, Hospitali ya St. Augustine's ilipata wagonjwa 119 wa korona: wafanyakazi 80 na wagonjwa waliolazwa 39. Walikufa 15. Watafiti waliunganisha jenomu, ratiba za zamu na kumbukumbu za vitanda, wakaona kwamba karibu mlolongo wote ulitokana na kuingia kwa kirusi mara moja, mwezi Machi, kupitia idara ya dharura. Bila kazi hiyo ingekuwa rahisi kudhani kwamba kila muuguzi aliambukizwa mtaani kwake. Dawa ya mambo hayo mawili si moja. Virusi vikiingia mara nyingi kutoka nje, mkazo huwekwa mlangoni. Kikiingia kimoja na kuzunguka ndani, kinachotakiwa kubadilishwa ni namna wagonjwa wanavyohamishwa wodi na wahudumu wanavyokula, kupumzika na kupokezana zamu.

Jenomu peke yake haimtaji aliyemwambukiza mwenzake. Kirusi cha korona hubadilika herufi kama mbili tu kwa mwezi, hivyo watu wawili wasiowahi kukutana waweza kubeba virusi vinavyolingana kabisa. Kwa hiyo daftari la wodi lina uzito uleule wa mashine ya kusoma jenomu. Na muuguzi anayehofia barua ya onyo hataandika ukweli daftarini. Wizara itamke kwa maandishi kwamba majibu haya si ushahidi wa kumwadhibu mtumishi.

Je, mkoa wa pembezoni unaweza? Mwaka 2015 watafiti walifika Guinea na mashine za kusoma jenomu ziitwazo MinION, zinazoenea kiganjani, zikiwa ndani ya mizigo yao ya safari. Walipata majibu ya Ebola chini ya saa 24 baada ya kupokea sampuli. Nchini mwetu, mlipuko wa Marburg wa Biharamulo mwezi Januari 2025 ulithibitishwa kwanza na maabara inayohamishika iliyokuwa hukohuko Kagera, kabla ya Dar es Salaam kuhakiki.

Rukwa inapakana na Zambia, na bandari yake ya Kasanga inatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mbeya ni karibu zaidi, na lami imefika. Ofisi yako ianze hapo: iteue maabara ya Mbeya itakayopokea sampuli za Rukwa, itenge gari na majokofu ya kuzisafirishia, na iweke idadi ya siku ambazo majibu hayatazidi kabla ya kumfikia mganga mfawidhi wa Sumbawanga.