Pikapu inatetemeka asubuhi? Usianze na pampu



Kila ikifika mwezi wa sita na wa saba huku Njombe na Makete, maswali yanabadilika. Umande unaganda juu ya majani ya viazi, na mtu anayekuja kuuliza habari za mbegu anamalizia na habari za gari. "Bwana shamba, pikapu yangu asubuhi inatetemeka kama ina homa, inamisi, inatoa moshi mweupe, halafu ikipata moto inatulia." Zamani nilikuwa najibu kwamba hiyo si kazi yangu. Siku hizi sisemi hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Mzee mmoja wa kata yetu ana Hilux ya zamani, yenye injini ya dizeli ya 3L. Ndiyo inayotoa viazi shambani hadi barabara ya lami, maana fuso la kwenda Dar haliwezi kushuka kule bondeni. Gari likaanza kusumbua asubuhi. Akalipeleka gereji mjini, akafika saa sita mchana, injini ikiwa ya moto. Fundi akasikiliza kidogo, akasema pampu imechoka. Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa kupimwa, ikarudishwa. Kesho yake alfajiri, mtetemo ni ule ule. Akaja ofisini kwangu akakaa kimya kwanza, kisha akasema, "Hela ya mbolea imeishia kwenye pampu, mwanangu." Msimu ule alipanda robo tatu ya shamba lake.

Tatizo halikuwa pampu. Hita plagi tatu kati ya nne zilikuwa zimeungua.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi fundi yule ni mwizi. Kosa lake ni lile lile ambalo sisi wakulima tunalifanya kila msimu: kupiga dawa kabla ya kujua ugonjwa. Unaona doa kwenye jani, unakimbilia duka la pembejeo, unanunua dawa ya bakajani, kumbe ni upungufu wa madini. Msimamo wangu ni huu: ugonjwa wa asubuhi upimwe asubuhi. Gari linalosumbua likiwa la baridi, likipimwa la moto, kinachobaki ni kubahatisha, na anayelipia bahati hiyo ni wewe.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Alfajiri, chuma kikiwa baridi, joto lile linanyonywa na kuta za silinda, na mafuta hayawaki yote. Ndiyo maana injini kama 2L, 3L au 1HZ zimewekewa hita plagi, vile vijiti vya kupasha joto, kimoja kwa kila silinda. Vikiungua viwili, silinda mbili zinawaka na mbili zinatapatapa. Hapo ndipo sailensa inayumba, gari zima linatikisika, na moshi mweupe unaokera macho unatoka: ni dizeli isiyoungua. Zile silinda zikipata moto baada ya dakika chache, kila kitu kinatulia. Ukifika gereji saa sita, hakuna cha kuonyesha.

Kwa hiyo anza na vitu vya bei ndogo, kwa mpangilio.

Kwanza, betri na oili. Stata ikizunguka kwa uvivu, hewa haibanwi vizuri na joto halipatikani. Safisha vichwa vya betri, kaza. Angalia pia oili uliyoweka. Oili namba 40 tupu ni nzito mno kwa asubuhi za huku. 15W-40 ni nafuu kwa injini nyingi hizi, ila fuata kitabu cha gari lako.

Pili, hita. Washa swichi, subiri taa ya hita izime, zima, rudia mara mbili, kisha piga stata. Ukiona limewaka vizuri kuliko siku zote, hita ni dhaifu. Chukua taa ya kupimia. Swichi ikiwa imewashwa, gusa ile bapa inayounganisha hita zote, upande wa pili wa taa ukiwa kwenye bodi. Isipowaka, umeme haufiki: angalia fyuzi na rilei. Ikiwaka, zima swichi, fungua bapa, unganisha taa kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha kila hita. Isiyowasha taa imeungua. Ukinunua mpya, soma volti zilizoandikwa, maana hazifanani zote, na ukiweka isiyo yake inaungua mapema.

Tatu, hewa na maji kwenye mafuta. Kabla ya kuwasha, bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Kama siku hiyo gari limewaka bila shida, basi kuna mpira au klipu inayovuta hewa, na dizeli inarudi tangini usiku. Klipu ni hela ndogo sana kuliko pampu. Legeza pia koki ya chini ya filta, mwaga kwenye chupa angavu, acha itulie. Maji yatakaa chini utayaona. Sisi tunaonunua dizeli kwenye madumu tuna hatari kubwa zaidi, na tangi linalolala nusu usiku wa baridi linatengeneza maji lenyewe. Jaza jioni ukiweza.

Usichanganye mafuta ya taa eti yanawaka haraka. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Hapo ndipo pampu itakufa kweli. Na wale wanaowasha moto chini ya injini, au kupuliza dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita, naomba muache. Ile dawa ikikutana na hita ya moto inaweza kulipuka na kupasua pistoni.

Ukimaliza hayo na bado linatetemeka, sasa nenda kwa fundi, na nozeli, valvu na pampu ziwe na zamu yao. Moshi mweupe usioisha hata gari likipata moto, huku maji ya rejeta yanapungua, ni dalili ya gasketi ya silindahedi, hilo usilisubirishe. Fundi wa injini za zamani anaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja ili ajue silinda ipi haifanyi kazi. Lakini kwenye injini mpya za komoni reli, asiguse kabisa mabomba yale injini ikiwa inaunguruma. Presha yake inatoboa ngozi.

Kuna watakaosema mkulima hana muda wa kulaza gari gereji. Naelewa. Lakini lile gari la mzee lilikaa gereji siku nne pampu ikiwa nje, na viazi vikiwa kwenye magunia. Usiku mmoja ungetosha. Lipeleke jioni, lilale pale, mwambie fundi aliwashe yeye mwenyewe alfajiri kabla hajashika spana. Akikataa, tafuta mwingine.

Yule mzee alibadilisha hita zote nne. Sasa pikapu inaunguruma asubuhi bila kelele, na yeye ananitania kwamba bwana shamba amegeuka fundi. Hapana. Ila nimejifunza kwamba hela ya mbolea inaweza kupotea hata kabla haijafika dukani, na hilo ni suala la kilimo.

Kama gari lako lina dalili tofauti na hizi, niandikie uniambie rangi ya moshi na saa unayoliwasha. Wiki ijayo turudi kwenye mbegu za viazi.