Uuguzi Hufundishwa Kando ya Kitanda

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, nyumba nyingi za Gerezani huwa na baraza refu usiku. Baba huishika karatasi ya alama, mama husikiliza, na wajomba huitwa kutoka Kariakoo watoe shauri. Mtoto akiwa amefaulu Baiolojia na Kemia, neno la uuguzi halikawii kutajwa. Sisi makarani twalipenda neno hilo, kwa maana kazi hiyo ni ya heshima, nayo yafaa watu. Lakini yatupasa kusema leo jambo moja ambalo wengi wetu hulisahau: twachagua jina la cheti, wala hatuulizi mtoto ataifundishwa kazi hiyo wapi, na nani, kando ya vitanda vingapi.

Tunaye mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina. Binti yake alimaliza kidato cha nne akapata nafasi ya stashahada ya uuguzi. Baba akakataa, akisema ya kwamba mtoto wa karani wa miaka mingi hawezi kusomea cheti kidogo huku watoto wa jirani wanatajwa vyuo vikuu. Binti akaenda kidato cha tano na cha sita, alama zake zikapungua, na mlango wa shahada ukafungwa. Ndipo baba akashikwa na haraka. Akakopa fedha, akalipa karo katika chuo cha kwanza kilichompokea mtoto bila kuuliza neno. Mwaka wa pili binti akaandika nyumbani kwamba wodini walikuwa wengi hata kitanda kimoja kikazungukwa kama meza ya karata, na waliosimama nyuma hawakuona kitu. Wala hatumlaumu mwenzetu peke yake. Siku ile alipoikataa stashahada tulikuwapo, tukamsifu kwa moyo wake mkuu. Sisi tunaosoma mafaili ya watu mchana kutwa, faili la mtoto yule hatukulifungua.

Basi na tulifungue sasa. Njia za kuingia uuguzi katika Tanzania ni mbili kubwa. Ya kwanza huanza baada ya kidato cha nne, kwa mtoto aliyefaulu masomo yasiyopungua manne, na ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akifaulu Hisabati na Kiingereza pia, ni nyongeza njema. Njia hii hupandwa kwa madaraja, daraja la 4, la 5 na la 6, kila moja kwa mwaka wake, na mwisho wa mwaka wa tatu mwanafunzi hupata stashahada. Vyuo vya njia hii vinaangaliwa na baraza liitwalo NACTVET. Njia ya pili ni shahada ya miaka 4, baada ya kidato cha sita chenye ufaulu mzuri wa sayansi. Yasomwa Muhimbili katika chuo kikuu cha MUHAS, na Hubert Kairuki huko Mikocheni, na KCMC Moshi, na Dodoma, na kwingineko. Hii yaangaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Aliyemaliza shahada huongeza mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali kabla ya kusimama peke yake.

Na hapa ndipo wazee wengi wanapokosea. Hudhani ya kwamba njia ya kwanza ni uchochoro usio na mwisho. Sivyo. Mwenye stashahada na alama njema aweza kuomba shahada baadaye, naye huingia akiwa amekwisha kuzoea wodi. Wauguzi wengi walio kazini wamepanda hivyo, polepole, huku wakipata mshahara na kusaidia wadogo zao. Wala hatusemi kwamba shahada haifai. Mwenye alama za shahada na aisome kwa shukrani. Twasema tu ya kwamba ngazi ina vipago vingi, na anayedharau kipago cha chini hana budi kukitazama tena akiwa ameanguka.

Tena iko sheria. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna awezaye kufanya kazi hii pasipo kuandikwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe karo ni kiasi gani, bali liwe hili: je, chuo hiki kimeandikwa na wanaopaswa kukiandika, na kozi hii yakubaliwa na Baraza? Jibu lisitoke kwa wakala anayegawa karatasi stendi. Litoke katika orodha za NACTVET, au za Tume, au katika ofisi ya Baraza lenyewe. Karani anayeogopa kuuliza ofisini kwa mwenziwe, atamfundisha mwanawe nini? Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Swali la pili ndilo tulilolisahau kwa binti wa mwenzetu, nalo ni la mafunzo ya vitendo. Uuguzi husomwa kwanza darasani, kisha katika chumba cha mazoezi, ambamo mwanafunzi hujifunza kwa sanamu kutandika kitanda chenye mgonjwa, kupima shinikizo la damu, kuchoma sindano na kufunga kidonda. Baada ya hayo hupelekwa wodini: kwa wagonjwa wa dawa, kwa waliopasuliwa, kwa watoto, kwa wazazi, kwa wenye maradhi ya akili, na katika vituo vya afya mitaani. Hupewa daftari, na kila kazi aliyoifanya huandikwa humo na kutiwa sahihi na aliyemsimamia. Daftari hilo ndilo shahidi. Sahihi iliyotiwa kwa kazi isiyofanywa ni deni, na siku moja atalilipa mgonjwa.

Basi mzazi na aulize: Hospitali gani yawapokea wanafunzi wa chuo hiki? Yako makubaliano ya maandishi? Wanafunzi wangapi huingia wodi moja kwa zamu moja? Mwalimu wa chuo hufika wodini, au huwaachia wauguzi wenye kazi zao? Nauli na malazi ya mafunzo ya mbali hulipwa na nani? Je, mwanafunzi huchanjwa homa ya ini kabla ya kugusa damu ya watu? Chuo chema hakitachukia maswali haya. Kinachochukia kimekwisha kujibu.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Aambiwe wazi ya kwamba kuna zamu za usiku, kuna haja za mgonjwa za kusafisha, na kuna kufunika uso wa maiti kisha kurudi kwa aliye hai kwa sauti ya upole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye kupenda mavazi meupe tu, asitume maombi. Na wavulana wasione haya, kwa maana zamani katika nchi hii madresa wengi wa hospitali walikuwa wanaume.

Mji wetu unajua thamani ya kazi hii. Hospitali iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji ilifunguliwa hapa mwaka 1897, na jina lake lingali likiitwa katika jengo moja la wodi huko Muhimbili. Tajiri yule alitoa fedha, lakini fedha haimgeuzi mgonjwa ubavu usiku. Mikono ndiyo imgeuzayo, na mikono hiyo ni ya watoto wetu.

Twaomba basi wanachama wafanye neno moja. Mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilipoanzishwa Tanga na Martin Kayamba na wenzake, msingi wake ulikuwa umoja. Umoja si michango ya harusi na mazishi tu. Kila mwanachama aliye na mtoto katika chuo cha uuguzi na alete habari za chuo hicho kwa katibu: karo, hospitali za mafunzo, na idadi ya wanafunzi wodini. Habari hizo zitawekwa katika faili moja, na mzazi yeyote atalisoma kabla ya kukopa. Binti wa mwenzetu bado anasoma. Hujiamsha alfajiri, afike wodini kabla ya wengine, apate kusimama mbele. Hatukumpa msaada uliompasa. Anayemfuata tusimwache asimame nyuma.