Kwa nini barua ya staji inarudi, ao inapotelea kimya



Wiki hizi lalamiko moja limezunguka katika vikundi vyetu: binti amesoma sheria huko Goma, ameandika barua kumi kwa maavoka akiomba staji, na jibu ni hapana, ao hakuna jibu kabisa. Mama aliyeuza maharagi miaka yote kwa kulipa minervali anauliza kama mtoto wake amerogwa. Basi tuliomba mabinti wetu wawili watuonyeshe barua zao, tukazisoma polepole kama tunavyosahihisha kazi za wanafunzi.

Tuliona kwamba barua zote mbili ni barua moja. Kifaransa chake ni kile tunachokijua wote: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wenu. Kisha kabine inasifiwa, kisha binti anajisifu kuwa mwenye bidii. Jina la avoka tu ndilo linabadilishwa pale juu, na kwenye moja halikubadilishwa! Metre aliyepokea ile yenye jina la mwenzake, unafikiri aliifikisha mwisho? Kabine mara nyingi ni vyumba viwili na meza chache, na kila stajeri anayeingia anaomba saa za mtu wa kumufundisha. Anayesoma barua anatafuta jambo moja: huyu atanisaidia nini?

Halafu kuna fujo la maneno. Staji ya mwanafunzi ni wiki chache. Chuo kikuu kinatoa karatasi, mtoto anapeleka. Staji ya avoka ni jambo lingine. Kwa sheria ya 1979 inayopanga kazi ya maavoka, ni miaka 2, kwa mtu aliyekwisha kumaliza masomo ya sheria, anayeandikishwa kwenye Barreau na kufanya kazi chini ya avoka mkubwa. Binti wa mwaka wa pili akiandika kwamba anaomba "staji ya avoka", Metre anaona hajui hata anagonga mulango gani. Aandike wazi: mimi ni mwanafunzi wa mwaka fulani, ninaomba wiki hizi mpaka hizi, karatasi ya chuo ni hii.

Barua ya pili ilitushitua zaidi. Kwa kuonyesha kwamba anajua mambo ya udongo, binti alieleza kesi ya jirani, na majina, na bei ya shamba. Jamani! Avoka anafungwa na siri ya kazi yake. Akiona mutu anayetoa siri za jirani kwenye barua, anajua kesho za wateja wake zitakuwa sokoni, ao kwenye WhatsApp.

Lakini kilichotuuma ni kile ambacho hakikuandikwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba anaongea Kinyabwisha na Kiswahili vizuri, na kwamba amezoea kusomea wamama wajane karatasi zao za Kifaransa. Wao waliona hayo ni mambo ya kijiji. Sheria ya familia ya 1987 ilirekebishwa 2016, na tangu hapo bibi haombi tena ruhusa ya bwana kwa kwenda tribinali. Mama wa Kisigari akifika kabine na kesi ya urisi, nani atamusikiliza katika luga yake? Hiyo ndiyo iwe mistari ya kwanza ya barua, mbele ya bidii.

Hatutawadanganya: kujulikana kunasaidia, na watoto wa Goma wana wajomba huko. Ila Katiba, kifungu cha 20, inasema kesi zinasikilizwa mbele ya watu wote, isipokuwa tribinali ikiona ni hatari. Binti aende akae nyuma, asikilize, aandike. Akimwona Metre fulani akisimama kwa kesi za urisi, barua yake itakuwa na la kusema kwake, si kwa kila mtu.

Na kama jibu ni "njoo jioni, peke yako"? Hiyo si staji. Kumubana binti kwa ajili ya mwili wake ni kosa tangu sheria ya 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono. Atunze ujumbe, asiufute, na amuambie mama yake. Mama naye asianze kwa kumugombeza.

Alhamisi baada ya masomo tunakaa na mabinti katika darasa la sita. Kila mmoja alete barua aliyoituma, hata ile iliyokataliwa, na kalamu nyekundu. Wamama wasiojua Kifaransa waje vilevile: ninyi ndio mutakaowakumbusha wanajua kufanya nini.