Risala ya Wapangaji wa Ghorofa Moja ya Kilindoni kwa Mwenye Nyumba

Mzee wetu, mwenye nyumba. Mwenyekiti wa kitongoji uliyekubali kukaa nasi jioni hii. Majirani.

Ya kodi na ya maji tumeyaweka kando kwa siku nyingine. Leo ni nyaya.

Mzee, ukipanda ngazi zako utainama mara mbili. Kwanza utakutana na fungu la nyaya za madishi lililofungwa kwa kipande cha chandarua kwenye nondo ya dirisha. Juu kidogo kuna waya mweupe wa intaneti uliopitishwa jikoni kwa mama wa chumba namba nne, na dirisha lake halifungiki tangu masika. Mvua ikija na upepo, sufuria zake zinajaa bila kwenda kisimani. Tumehesabu nyaya kumi na tisa. Vyumba ni sita. Nyingine ni za wapangaji waliohama zamani, na hakuna anayethubutu kuzing'oa, maana hajulikani upi umekufa na upi unampa jirani taarifa ya habari.

Ugomvi unaanzia hapo. Fundi wa mmoja anapanda, anakuta pamejaa, anakata wa mwenzake ili wake upite. Mwezi uliopita ulikatwa waya wa intaneti tunaouchangia vyumba vitatu, na binti yetu mmoja alikuwa katikati ya kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Alimalizia kwa bando la simu, kasimama juu ya ukuta anatafuta mtandao. Tangu siku hiyo wawili humu hawasalimiani, na bomba la maji ni moja.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua hapa Mafia. Siku nane baadaye zikakatika nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy, intaneti ikayumba nchi nzima. Tulivumilia. Ile ilikuwa bahari. Huu wa kwenye ngazi umekatwa na koleo.

Tunadai nguzo moja ya chuma, ijengewe zege ubavuni mwa nyumba, madishi yote yahamie huko, kwani skrubu za madishi zimetoboa bati na dari linavuja. Hatusemi dishi liwe moja: la Azam na la DStv hayaelekei satelaiti moja. Lakini wenye Azam ni wanne, na kichwa cha dishi chenye matundu manne kinawatosha wote.

Liwepo bomba la plastiki la kupitishia nyaya toka juu hadi chini, mbali na umeme. Sasa hivi waya mmoja wa dishi umezungushwa kwenye ule unaoingia mita ya LUKU, na watoto wanacheza pale. Kila waya uandikwe namba ya chumba ncha zote mbili. Usio na namba ung'olewe mwisho wa mwezi, hata ukiwa wa kijana wako anayekaa chini, utuwie radhi. Fundi asipande bila wewe kujua, na anayekata arudishe siku hiyo hiyo kwa waya mzima. Kuunga kwa selotepu hapa ni kulisha chumvi ya bahari.

Tumeambiwa twende TCRA. TCRA husikiliza malalamiko dhidi ya watoa huduma; huyu anayetukatia ni sisi kwa sisi, na paa ni lako. Ndiyo maana tumekuja kwako.

Nguzo na bomba ni juu yako, kwa kuwa tukihama vitabaki nyumbani kwako. Nyaya tutanunua wenyewe; boksi moja limeshatoka Dar, liko Nyamisati linangoja boti.

Vyumba vitano vimetia sahihi. Wa sita anasema atasaini akiiona nguzo. Ngazi ya kupandia tumeazima kwa jirani, naye anaitaka Ijumaa.