Programu Ipi Itatufaa?

Muhula huu chama chetu cha kompyuta kimepewa kazi ya kutengeneza programu ya simu, ili wazazi wapate kuona alama za mitihani na tarehe za kufungua shule. Jambo lililotugawanya ni moja: je, iwe programu ya kuwekwa ndani ya simu, au iwe ya tovuti, ambayo mtu huifungua katika kivinjari? Wenzangu wengi waipenda ile ya kwanza. Mimi nathubutu kusema kwamba wamekosea.

Sikatai kuwa programu ya ndani ina nguvu zake. Hufanya kazi upesi, nayo hutumia vifaa vya simu bila taabu. Mchezo wenye picha nyingi wafaa uwe hivyo. Lakini kwa kawaida Android yataka yake na iPhone yataka yake, basi kosa moja hurekebishwa mara mbili. Tena ada ya kawaida ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na ya Google ni dola 25 mara moja. Nani atalipa sisi tukisha kumaliza Kidato cha Nne?

Likizo iliyopita mama yangu alitaka kuweka programu fulani, simu ikamwambia kuwa nafasi imejaa. Alifuta picha za harusi ya dada yangu, ndipo ikaingia. Je, nasi tuwatoze wazazi picha zao kwa ajili ya ukurasa mmoja wa alama?

Wenzangu hujibu kwamba tovuti haifai kitu mtandao ukikatika. Zamani ilikuwa kweli. Siku hizi programu ya tovuti, ikitengenezwa vizuri, yaweza kujiwekea akiba ndogo ya kurasa katika simu, zikasomeka hata pasipo mtandao. Ila lazima mzazi awe ameifungua kwanza mara moja.

Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Tusipende alama nzuri juu ya kioo cha simu hata tukasahau ni nani tunayemtumikia. Sisi wanafunzi haturuhusiwi simu shuleni. Watakaoitumia ni wazazi. Basi naomba tusipige kura kabla ya Siku ya Wazazi. Tuwaulize wao kwanza, nami nikishindwa kwa neno lao, nitakubali.