Vituo vya Umma, Umma Upi?

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mamangu kliniki kwa gari langu la umeme, nikapitia sokoni, kisha nikawafuata watoto kwa shangazi yao. Kufikia adhuhuri betri ilikuwa imebakia asilimia 18. Kituo cha kwanza cha kuchajia hapa Nairobi kilikuwa kimeharibika. Cha pili, kilichomo katika jumba la maduka, kilikuwa na foleni. Mama ni mgonjwa wa kisukari. Saa yake ya dawa, iliyokuwa nyumbani, ilipita tungali tunangoja.

Silaumu gari. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya mito na upepo wa Turkana, ilhali mafuta twayaagiza ng'ambo. Lakini tangi hujazwa kwa dakika chache. Betri huhitaji nusu saa au zaidi, hata kwa chaja yenye kasi. Kituo kimoja kikifa, foleni ya pili huwa ndefu maradufu.

Vituo hivi huitwa vya umma. Sisi wanaisimu huitafuta maana ya neno katika matumizi yake. Chaja iliyokufa bila tangazo ni ya umma kwa jina tu. Mamlaka ya kawi ilitoa mwongozo wa vituo hivi mwaka wa 2023. Sasa vikaguliwe, hali yake itangazwe kwa Kiswahili, na vijengwe karibu na hospitali, masoko na vyuo. Hapo ndipo neno litakapolingana na jambo.